Wastani wa Furaha ya Babu Yako

Nyumba ya mlango wa kijani,
nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tano.

Mpendwa mjukuu wangu, na mume mwenzangu kwa bibi yako,

Pokea salamu za babu yako aliye mzima wa viungo vyote, isipokuwa goti la kushoto ambalo tulitengana zamani na sasa kila mmoja anaishi kivyake. Hujambo huko uliko? Chuo hakijambo? Unakula, au bado unakunywa chai tupu na kusema umeshiba? Bibi yako anauliza kama kikohozi kimekwisha. Mimi siulizi, kwa sababu kikohozi kikikuchukua nitabaki naye peke yangu bila mpinzani.

Sisi huku tu wazima. Shangazi yako bado yuko wodi ya wanaume, zamu ya asubuhi mpaka alasiri, na akirudi nyumbani anatuuguza sisi ambao hatuumwi. Paka amezalia ndani ya sanduku langu la bobini za cherehani, watoto wanne. Nimewaachia sanduku.

Sasa habari kubwa. Babu yako amekuwa mtu mashuhuri mtandaoni. Nina wafuasi mia tatu na ushei, simu nimejifunza mwenyewe bila kuelekezwa na kiumbe yeyote, na picha yangu moja ilipendwa na watu mpaka simu ikapata moto.

Haya. Nimeyasoma hayo tena nikaona aibu, na wino haufutiki. Wafuasi ni kumi na wawili. Wawili kati yao ni shangazi yako, maana ana simu mbili, na mmoja anauza magodoro. Simu ilipata moto kwa sababu niliisahau juani.

Na kwa kuwa nimeshaanza kukiri, acha nimalize, maana ndiyo sababu ya barua hii. Yale maswali yako ya utafiti uliyotutumia, arobaini na mawili kama vile unatafuta mwizi, niliyajibu kwa uongo. Uliuliza natumia mtandao saa ngapi kwa siku, nikajibu moja. Ukauliza kwa ujumla naridhika na maisha yangu kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi, nikajibu kumi. Mjukuu wangu, saa zilikuwa saba. Na ile kumi ilikuwa tatu, tena tatu ya kuonewa huruma. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kidole gumba changu huchoka baada ya sentensi mbili, na haya ni ya zaidi ya sentensi mbili.

Wewe unajua niliifunga karakana mwaka juzi mikono ilipoanza kutetemeka. Fundi wa kutengeneza cherehani asiyeweza kuingiza skrubu ndogo kwenye tundu lake anabaki kuwa mzee tu aliyekaa karibu na mashine. Nilikuwa naamka, nanawa, nachana nywele nne nilizobakiwa nazo, halafu sina pa kwenda. Uliponiletea simu, simu ikanipa pa kwenda. Tatizo ni kwamba kila nilipokwenda nilimkuta Kinyozi.

Kinyozi unamkumbuka, yule rika langu aliyekuwa na kibanda mkabala na karakana yetu, akakukata sikio ulipokuwa mdogo akasema umetikisika. Alihamia kwa wanawe, mbali sana. Basi humo simuni nikamwona anavyoishi. Kinyozi amesimama mbele ya keki ya ghorofa tatu. Kinyozi yuko kwenye bustani ya maua, amekaa kwenye benchi kama waziri. Kinyozi ana meno mapya, meupe, mengi kuliko aliyozaliwa nayo. Kila siku namtazama, na kila nikimtazama chakula kinakuwa kichungu na kiti kinakuwa kigumu. Nami sikukubali kushindwa. Nikaenda nje, nikaegemea gari la mwenye duka la dawa, nikampa mpita njia simu anipige picha, nikaiweka humo bila maelezo, kama mtu ambaye gari lake halihitaji maelezo.

Mezani nikawa sipo. Siku moja bibi yako aliniambia, "Mzee, nakuuliza mara ya tatu, chumvi imekolea?"

Nikamwambia imekolea vizuri sana.

"Sijatia," akasema, akanyanyua sahani yake akaenda kula jikoni.

Wala usicheke. Mtu niliyekaa naye karakana moja miaka thelathini na minne, mimi natengeneza, yeye anajaribu mashine kwa kushona kitambaa kibovu, hajawahi kunihama hata mara moja. Siku ile alihama na sahani.

Shangazi yako ndiye aliyegundua uongo wangu. Alichukua simu kuniongezea bando, akaona majibu niliyokutumia. Alisoma ile kumi kwa sauti, mbele ya bibi yako, na bibi yako akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake, tarehe mosi mwezi uliopita, nikakuta kalenda ya ukutani imefungiwa kalamu kwa uzi. Kila jioni akivua viatu vya kazini ananiuliza swali lako lile, sifuri mpaka kumi, anaandika kwenye tarehe. Alikuwa anaandika furaha yangu kama anavyoandika homa za watu wodini. Na akatoa hukumu: tarehe thelathini atapiga wastani, na ukiwa chini ya tano simu inakwenda wodini, wagonjwa wapigie nyumbani kwao. Alisema hivi: "Baba, kitu kinachomfanya mtu asijue chumvi ni ugonjwa."

Siku ya kwanza nikasema nane. Hakuandika. Akamtazama bibi yako, bibi yako akatikisa kichwa, akaandika mbili. Hapo nikajua mahakama ile haina rufaa.

Nikuambie ukweli, niliogopa. Najua utasema ni simu tu. Lakini kuniondolea ile simu kungenirudishia zile asubuhi za kunawa na kukaa. Ubaya wa kuchukia watu wenye keki ulikuwa afadhali kuliko kutokuwa popote. Nikajitahidi nifurahi kwa nguvu. Nilitazama video za watu wanaoanguka, nikacheka, jioni nikapewa tatu. Nikabishana na mtu nisiyemjua kuhusu muda wa kuchemsha mayai, nikamshinda, jioni nikapewa mbili. Mpaka tarehe kumi na nane, sikuwahi kuvuka nne.

Siku hiyo, Jumapili, Kinyozi alitoa picha ya meno tu. Uso haumo, meno matupu. Nikasema sasa huyu ananitafuta. Nikampigia, si kwa maandishi, kwa sauti, nimtukane vizuri.

"Wewe mzee," nikamwambia hata kabla ya salamu, "hayo meno umeyaazima wapi?"

Halafu nikasikia kicheko chake kile cha zamani, kinachoanzia tumboni. "Ndugu yangu, yananibana kama viatu vya mtu mwingine. Nayavaa kwa ajili ya picha. Picha ikiisha, nayarudisha kwenye glasi."

"Na ile keki?"

"Ya mtoto wa jirani. Mimi nilisimama karibu."

"Na bustani?"

"Ya hospitali. Nilikwenda kupima sukari. Mchana kutwa hapa siongei na mtu, wanangu wako kazini, nikaona nipige picha niwe na la kufanya." Kisha yeye naye akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na donda: "Na wewe, hilo gari umelipata vipi? Wiki mbili silali vizuri kwa ajili ya gari lako."

Nikamwambia la mwenye duka la dawa. Nikamwambia alipiga honi nikaruka mpaka goti likalia. Tulicheka, mjukuu wangu, mpaka bibi yako akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi kuangalia nani amekuja. Wazee wawili, kila mmoja anamnyima mwenzake usingizi kwa mali ya jirani.

Sasa sikiliza hapa, maana mambo yaligeukia hapa. Katika kuongea, Kinyozi akasema kwamba ukuta wa pili kutoka kwake kuna mama mmoja mshonaji ambaye tangu Ijumaa analia. Amepewa kazi ya mapazia ya hospitali, ishirini na sita, yakabidhiwe Alhamisi, na cherehani yake imeanza kuruka mishono. Fundi wa huko kaitazama akamwambia atafute mashine nyingine. "Nimwambie nini?" akaniuliza. Nikamwambia amwambie anipigie kesho saa nne asubuhi. Sijui nani aliyenipa ule mdomo. Mikono yangu haiwezi kushika bisibisi, nami nikaahidi kutengeneza mashine iliyo mbali nami kuliko mahali popote nilipowahi kufika.

Jumatatu saa nne mama yule akapiga. Sauti ya adabu, imechoka. Nikajitia ufundi. Nikamwambia ainamishe simu pembeni mwa mashine, anyamaze, ashone, nami nisikilize. Unajua sisi tulivyofanya kazi. Mteja anasema anayoyasema, fundi hamsikilizi, analaza sikio juu ya meza na mashine yenyewe inajieleza. Basi nikasikiliza. Kimya. Nikamwambia arudie. Kimya tena, mashine iko kimya kama mgeni mwenye njaa. Nikakata shauri: juu hakuna shida, shida iko chini, kwenye ile ndoano inayokamata uzi wa bobini.

"Lakini babu, inagonga," akasema.

"Mama, nani fundi hapa?"

Nikamfungulisha chini kote. Skrubu moja moja, anazipanga kwenye kisahani kama nilivyomwagiza. Saa nzima na nusu. Ndoano nzima, safi, haina hata kovu. Akairudisha, akashona, ikaruka mishono vile vile. Nikamsikia anahesabu mapazia yaliyobaki. Nikaona kabisa jioni ile kalamu inaandika sifuri.

Bibi yako alikuwa anachambua mchele pale mezani, amenipa mgongo, kama mtu asiyehusika. Akasema bila kugeuka, "Mbona yule mama akiongea nasikia na kiti chake kinavyolia, akinyamaza hata mashine haisikiki?"

Nikamwambia asiniingilie.

"Hiyo simu inasikiliza watu," akasema. "Haisikilizi chuma. Inadhani mashine ni kelele, inaifuta. Mwambie arekodi, akutumie."

Niliachia darasa la nne, lakini kuona nimeshindwa sihitaji cheti. Mama yule akarekodi, akatuma. Nikaibonyeza, na mjukuu wangu, ndani ya ile simu ikatoka cherehani. Cherehani yenyewe, na mlio wake wa mkanda na gurudumu. Miaka miwili sijausikia. Na humo katikati, ta, ta, ta.

Nilikuwa bado natafakari. Bibi yako alikuwa ameshaiweka simu sikioni, mchele kausukuma pembeni. "Inagonga juu, sindano ikiwa inarudi," akasema. "Chini hakuna kitu. Huyu kashona upindo mnene wa pazia, chuma kinachoshika sindano kimelegea kikapanda. Sindano haifiki."

Miaka thelathini na minne, mjukuu wangu, nilikuwa nadhani mimi ndiye mwenye sikio. Kumbe mimi nilikuwa nalaza kichwa mezani, na aliyekuwa anasikia ni yule aliye kwenye kanyagio.

Yaliyobaki yalikuwa kazi yangu, na hapo usininyime. Nikampigia yule mama kwa video. Nikamwambia afungue kifuniko cha kichwani mwa mashine, upande wa kushoto. Skrubu ya kushikilia chuma cha sindano akaigusa kwa kidole ikazunguka yenyewe. Nikamwelekeza azungushe gurudumu kwa mkono polepole, sindano ishuke mpaka mwisho, ianze kupanda kidogo tu, kiasi cha unene wa sarafu, asimame. Kisha ashushe chuma mpaka ncha ya ndoano ipite juu kidogo ya tundu la sindano. Akakosa. Akarudia, akakosa. Mara ya tatu akakaza.

"Kitambaa kibovu kwanza," bibi yako akamwambia kwa sauti ya amri. "Usianze na pazia."

Akashona. Akainua kile kitambaa mbele ya simu. Bibi yako akahesabu mishono kwa kidole kwenye kioo, moja mpaka arobaini, hakuna uliorukwa, imenyooka kama imepigiwa rula. Yule mama alikaa chini. Alijifunika uso kwa kile kitambaa. Nami nilipogeuka nikaona chini ya meza mguu wa bibi yako ulikuwa unakanyaga sakafu, juu, chini, juu, chini, na hana habari.

Mchana ule tulikula mezani, wote wawili, kwenye sahani moja. Chumvi haikutosha, nikasema.

Jioni shangazi yako akauliza swali lake. Nikasema tisa. Akachukua kipimajoto kwenye mkoba. Bibi yako akamwambia, "Andika tisa. Mimi shahidi." Jumatano alasiri mama yule akatuma picha ya mapazia ishirini na sita yamekunjwa yamepangwa, na pembeni yake Kinyozi ameketi, bila meno, amepanua mdomo wote. Hiyo ndiyo picha yake ya kwanza niliyoipenda kwa moyo mweupe.

Usidhani nilikuwa nimeshapona. Tarehe thelathini ilifika, na shangazi yako si mtu wa kusamehe hesabu. Alijumlisha mwezi mzima, akagawanya kwa thelathini, akapata nne nukta sita. Zile mbili mbili zangu za mwanzo zilikuwa zimekaa pale kama mawe. Akanyoosha mkono. Alisikitika, nilimwona, lakini alinyoosha mkono. Nikaanza kuichomoa simu mfukoni.

Bibi yako akamuuliza, "Wewe wodini, mgonjwa akiwa na homa wiki mbili, kisha ikashuka, asubuhi ukampima hana homa. Unampa dawa ya wastani?"

Shangazi yako akasema hapana.

"Unaangalia nini?"

"Naangalia leo yukoje. Na kama inashuka au inapanda."

"Haya soma kalenda yako vizuri, muuguzi."

Akaisoma. Alisimama pale na soksi moja mguuni. Siku za mwisho: tisa, saba, nane, nne (siku ya mayai ya pili, yule mtu alirudi na ushahidi), nane, nane. Akairudisha kalamu kwenye uzi wake. Halafu akasema simu ibaki, ila kalenda nayo ibaki. Mimi nikatembea chumbani mara mbili, kwenda na kurudi, kama jogoo, na goti halikulia.

Basi andika hivi kwenye utafiti wako, na uniweke jina kubwa. Uliuliza saa ngapi, hukuuliza nafanya nini humo, wala niko na nani. Saa zangu hazijapungua sana, zilikuwa saba sasa ni tano. Zile saba nilikuwa nachungulia dirishani kwa watu. Hizi tano watu wanabisha hodi kwangu. Mama mshonaji aliwaambia wenzake, na sasa kila asubuhi saa nne tunaketi mezani, mashine tatu, siku nyingine nne, za watu ambao sitawaona maishani. Jana tulifufua moja iliyokuwa imewekwa juu yake televisheni kwa miaka sita. Kero yangu moja ni kwamba wananipigia mimi, halafu wanasema, "Shikamoo babu, naomba bibi." Wamempa jina, Bibi Sikio. Mimi ni mpokea simu.

Naye ameanza kuulizwa swali lako. Jana alisema tisa. Nilimtazama shangazi yako, nikatikisa kichwa kwa ajili ya kulipiza, lakini hakuna aliyenijali.

Msalimie mama yako na baba yako ukiongea nao, umwambie baba yako aliyekuwa anasema mimi na simu ni kama mbuzi na gitaa kwamba mbuzi sasa anapiga. Shangazi yako anakusalimu, anasema ulale mapema. Kinyozi anakusalimu, anauliza sikio. Mungu akuweke, akupe afya, elimu itakayokaa kichwani na mtu wa kukuambia ukweli mezani.

La mwisho. Siku ulipoleta simu, uliketi juu ya miwani yangu. Mkono mmoja wa miwani ulivunjika na kioo cha kulia kikapata ufa, na wewe ukaahidi mbele ya bibi yako kwamba utaniletea mingine. Nimekaa kimya mwaka mzima, si kwa wema. Hapakuwa na kitu nilichotaka kukiona vizuri. Sasa nimeifunga kwa uzi wa cherehani, natazama skrubu za watu kupitia kwenye ufa, na kesho saa nne nina mashine tatu zinanisubiri. Niletee miwani yangu.

Akupendaye hata baada ya kumkalia miwani,
Babu yako, mpokea simu wa Bibi Sikio.